Fundi wa Mwanga anajibu: taa inaimba ila spika inakoroma

Haya wajameni tumerudi. Toleo lililopita niliandika kijisehemu kidogo tu kuhusu kupitisha sauti kwenye mwanga wa taa, ile ya kuchukua waya wa hedifoni wa simu unaufunga kwenye LED nyeupe yenye betri, alafu upande wa pili wa meza unaweka kapaneli ka sola kamefungwa kwenye amplifaya, muziki unatoka na hapo kati hamna waya. Nlidhani watu watasoma watapita. Kumbe! Meseji zimejaa na karibu zote kilio kimoja, kwamba inafanya kazi ila sauti mbovu. Kwaiyo leo ni hilohilo. Na wale mnaouliza kama jina la safu nimelitunga sababu ya mada, hapana bana, karakana iko Mwanga hapa Kigoma mjini, jina lilikuwepo kabla ya hizi taa.

Fundi habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa fizikia, sekondari, huku Ujiji. Tulifunga kama ulivyoeleza na kidato cha tatu, darasani, saa tano asubuhi. Taa na paneli zikiwa karibu, sentimita kumi hivi, sauti tunaisikia. Tukivuta mpaka mita moja inakuwa hafifu mno, na juu yake kuna mngurumo "mmmmm" usiokatika, hata simu tukiizima mngurumo upo. Wanafunzi wakauliza unatoka wapi, nikawaambia ni waya mbovu. Je niliwadanganya? Na niongeze taa? — Mwalimu, Ujiji

Salama mwalimu. Umewadanganya kidogo, ila ni uongo wa kusameheka. Huo mngurumo ni taa za darasa lenu zinaimba wimbo wao. Umeme wetu wa ukutani unazunguka mara 50 kwa sekunde na ndani ya kila mzunguko taa inapata nguvu mara mbili, ukienda na ukirudi, kwaiyo mwanga unapanda na kushuka mara 100 kila sekunde. Jicho hilo halilioni, lenyewe zito, lakini paneli ya sola inaliona freshi kabisa na amplifaya inakutolea kama sauti nene ya hetzi 100. Taa za tyubu zenye choko ndo mabingwa wa hiyo kitu, ila hata hizi balbu za LED za bei ya chini zinazopangwa kwenye beseni sokoni nyingi zinafanya hivohivo, sababu ndani wamebania kapasita, ile ya kulainisha umeme. Ukitaka kuzikamata washa kamera ya simu uisogeze karibu na balbu, ukiona michirizi myeusi inatembea kwenye kioo basi hiyo inapepesa.

Jana usiku nimeirudia hapa karakana kabla sijaandika, nisije nikawa na mimi nadanganya. Nimezima simu, nimechomoa LED, nimeacha kapaneli (kale ka taa ya bustani, upana wa vidole vinne) na amplifaya tu. Mngurumo upo. Nikaanza kukafunika kwa kiganja, kidole kimoja kimoja, na mngurumo unashuka kidole kwa kidole, cha nne kilipolala, kimya. Nikanyanyua kimoja, ukarudi. Hapo mita ya nini? Ukifunika yote na bado inakoroma ndo ulaumu waya.

Sasa swali la kuongeza taa. Mwalimu wewe uko Ujiji, wavuvi wa dagaa unawajua. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inakaa nchi kavu watu wanashona nyavu. Kwani taa zao zimefifia? Wala, ni zilezile za wiki mbili nyuma, mafuta yale au betri ileile, ila sasa ziwa zima linang'aa na dagaa haoni kwanini aisogelee ya kwako. Hapo ndo mambo yote ya signali yalipo. Kinachohesabika ni taa yako imezidi kiasi gani huo mwanga mwingine uliopo, yaani uwiano wa signali na kelele, sio taa yako peke yake ni kubwa kiasi gani. Watu wakisikia sauti hafifu wanakimbilia kuongeza taa, na mvuvi mwenye akili anajua huwezi kushindana na mwezi. Kwaiyo ondoa mwezi kwanza.

Darasani mwezi wako ni mbili. Wa kwanza ni hizo taa, zizime, ni bure. Wa pili ni dirisha, na huu watu wanausahau sababu jua halingurumi. Jua la wazi la mchana linafika laksi (kipimo cha mwanga unaofika mahali) 100,000 hivi wakati meza ya ofisi yenye taa nzuri ina 300 mpaka 500, kwaiyo hata kipande cha jua kinachoingia dirishani saa tano kinaimeza LED yako mzimamzima. Linaharibu kwa njia mbili. Moja, paneli inajaa. Volteji ya paneli isiyofungwa mzigo haipandi sawasawa na mwanga, ikishafika juu inagoma, ni kama ndoo iliyojaa, umwage kikombe usimwage huoni tofauti, na muziki wako ndo hicho kikombe. Mbili, jua linakuja kama mvua kwenye bati. Mvua hata iwe ya kiasi kilekile saa nzima bado unasikia shaaaaa, si kwa sababu inaongezeka na kupungua, ni kwa sababu matone yanadondoka bila mpangilio. Mwanga nao ni matone, na mengi yakija ya ziada yanaleta huo mshaaa wake, ambao kapasita haiutoi na filta haiutoi, dawa yake ni kuyazuia yasiingie tu.

Kwaiyo fanya hivi. Chukua kopo au boksi la viatu, lipake nyeusi ndani au bandika karatasi nyeusi, tumbukiza paneli mwisho kabisa iwe inachungulia tu kuelekea kwenye LED yako. Hilo kopo pekee litakushangaza. Alafu funga rizista sambamba na paneli, pale pale kwenye waya zake mbili, anza na om 470 (njano, zambarau, kahawia), ukiona bado inajaa shuka mpaka 100. Volteji itapungua na utaona kama umeiua, tulia, amplifaya itaipandisha, kitu ulichopata ni kwamba sasa ndoo ina tundu chini, haijai, kila kikombe kinaonekana. Baada ya hapo weka kapasita mfululizo kwenye waya unaoingia amplifaya. Mimi natumia 47 nanofaradi, ile imeandikwa 473, na kama amplifaya yako ina ukinzani wa kuingilia wa kilo-om 10 basi kitu chochote chini ya hetzi 340 hivi kinaanza kukatwa, mngurumo wa hetzi 100 unabaki chini ya theluthi. Besi ya wimbo nayo itapungua, sitakuficha, bongo fleva itasikika kama redio ya mbao, ila maneno utayasikia.

Umbali je. Hapa wanafunzi wako wataipenda hesabu. Ukiongeza umbali mara mbili mwanga unaofika unakuwa robo, hilo wanalijua. Ila paneli inageuza mwanga kuwa mkondo, na nguvu ya umeme ni mkondo kwa kipeo cha pili, kwaiyo mwanga robo ni nguvu ya signali moja ya kumi na sita. Yaani hapa adhabu inalipwa mara mbili, ndo maana uliona sauti haififii taratibu, inadondoka. Wazungu wa redio hawana shida hii kwa kiwango hiki. Dawa yake ni kukusanya mwanga. Chukua kile kikombe cha kung'aa cha tochi iliyokufa, au lenzi ya kukuzia ya maabara, weka ili mwanga wa LED ukutane juu ya paneli. Wala si ujanja mpya, mwaka 1880 kule Washington Alexander Graham Bell na mwenzake Charles Sumner Tainter walirusha sauti ya mtu kwa mwanga wa jua umbali wa mita 213, redio haijaanza, na upande wa kupokea walikuwa na kioo kilichojipinda kama sinia kikikusanya mwanga kwenye kipande cha seleni, kitu ambacho umeme hupita ndani yake vizuri zaidi kikimulikwa.

Mwisho kwako, angalia LED isizimike. Simu ikiwa na sauti ya juu kabisa LED inafika mahali inazima na kuwaka badala ya kupanda na kushuka, hapo wimbo unakatwa vichwa na unasikika umepasuka. Shusha sauti ya simu mpaka LED ionekane inawaka tu kawaida, kama haichezi vile. Ukiona kwa macho inacheza na ngoma ujue umeshaharibu.

Oya fundi mi ni fundi simu hapa Gungu. Muziki nimeuchoka nataka nipitishe data, nina vimikrokontrola viwili, vile vikompyuta vya chipu moja. Nikituma baudi 1200, yaani alama 1200 kwa sekunde, inapita, nikipandisha 9600 inatoka takataka tupu. Paneli ni kubwa tu, nimeweka ya wati tano kabisa, na kapasita ya mfululizo nimeweka. Shida nini? — Fundi mwenzio

Shida ni hiyo wati tano mzee. Paneli kubwa ni tumbo kubwa, inabeba chaji nyingi kwaiyo inachelewa kujaa na inachelewa kutoka, biti moja (ile sifuri au moja unayotuma) haijashuka nyingine imeshafika. Kwa muziki sawa, kwa data inakuua. Tafuta fotodiodi, kijicho kidogo cha kugeuza mwanga kuwa umeme, BPW34 inapatikana ukiagiza kwa wanaotoa vifaa Dar, eneo lake la kuonea ni milimita za mraba 7.5 tu, kama kichwa cha njiti ya kiberiti, ila ukiipa volteji ya kinyume, tano mpaka kumi, inajibu ndani ya sehemu za milioni za sekunde, tena chini ya hapo. Utaniambia lakini itakusanya mwanga kidogo. Ndio. Ndo maana mbele yake unaweka lenzi, lenzi inakuongezea eneo bila kuongeza tumbo. Na kuna kanuni hapa ambayo huwezi kuikwepa, kadiri unavyotaka kukuza ndivyo unavyotakiwa uone sehemu nyembamba zaidi. Kikusanyio cha plastiki au kioo cha kawaida kikiwa kinaona nyuzi 60 kila upande kinaweza kukupa mpaka mara 3 hivi, kikibanwa kione nyuzi 30 kinafika mara 9. Kwa meza isiyohama chukua 30. Kwa kitu kinachotembeatembea utajuta, ukigeuka kidogo imepotea.

Kitu cha pili ni rangi. LED nyeupe kwa kweli si nyeupe, ndani ni chipu ya bluu imepakwa unga wa njano, na bluu ikichanganyika na njano jicho linaona nyeupe. (Hiyo bluu ndo iliwapa Wajapani watatu Nobel mwaka 2014, Akasaki, Amano na Nakamura, huyu wa mwisho akiwa ameshahamia Marekani.) Sasa chipu ya bluu ina mbio ila unga wa njano ni mvivu, ukizima chipu unga unaendelea kung'aa kidogo, kama mkaa uliomwagiwa maji. Huo mkia wa njano ndo unaibana LED nyeupe ya kawaida kwenye megahetzi chache tu. Wanachofanya ni kuweka filta ya bluu mbele ya fotodiodi, ile njano yote inabaki nje na mbio zinapanda mara kadhaa. Unapoteza mwanga mwingi, ndio, lakini ni mwanga uliokuwa unakuchelewesha. Kwako wewe wa 9600 hiyo hata usihangaike nayo, iweke kichwani kwa siku ya megabiti. Ila ukishafika huko usije ukaniuliza kwanini fotodiodi ya silikoni inaona bluu vibaya, ndivyo ilivyo, BPW34 inaona vizuri zaidi kwenye nanomita 900, infraredi.

Na kitu cha tatu, ambacho naona kama ndo kinakuumiza zaidi hata ya paneli. Umesema umeweka kapasita, ile nliyomweleza mwalimu pale juu. Kapasita haipitishi kitu kisichobadilika. Ukituma sifuri nane mfululizo taa imezima muda wote huo, mpokeaji anasahau sifuri iko wapi na moja iko wapi. Tumia kodi ya Manchester, kila biti iwe na kupanda au kushuka ndani yake, moja ni juu kisha chini, sifuri ni chini kisha juu. Inakula nusu ya mbio zako ila mngurumo wa hetzi 100 na data yako vinakaa vyumba tofauti kabisa, na faida nyingine taa inakaa na mwanga uleule muda wote, haipepesi kulingana na unachotuma, mama watoto hatakuuliza kwanini sebule inakonyezakonyeza.

Fundi, nina lodge ndogo huku Bangwe, vyumba kumi. Waifai vyumba vya mwisho haifiki, wageni wananinunia. Mdogo wangu kaniambia kuna intaneti ya kwenye taa inaitwa laifai, ukiwasha taa na intaneti imewaka. Nibadilishe balbu zote? — Dada wa Bangwe

Usibadilishe dada yangu, weka hela yako. Mdogo wako hajakosea kwamba ipo. Jina laifai lilijulikana mwaka 2011 pale Profesa Harald Haas wa Chuo Kikuu cha Edinburgh alipoonesha watu video inapita kwenye taa ya mezani, na mwaka 2023 ikapata kiwango rasmi kinachoitwa 802.11bb, ndugu yake waifai. Ila kiwango chenyewe kinatumia mwanga wa nanomita 800 mpaka 1000, yaani infraredi, ambao mgeni wako hata hauoni, kwaiyo habari ya "ukiwasha balbu" imeshapitwa kidogo. Na simu za wageni wako hazina jicho la kuipokea. Kubwa kuliko yote, mwanga haupiti ukuta. Sifa yake ndo hiyo, jirani haibi na vyumba haviingiliani, ila kwako maana yake kila chumba kingetaka taa yake na waya wake wa data mpaka darini. Ukishavuta waya mpaka chumba cha kumi si ungefunga hapohapo kiruta cha pili cha waifai cha bei ya kawaida? Fanya hivo. Na hicho cha mapokezi kitoe ndani ya lile kabati la chuma, najua kimo humo, lodge zote wanakiweka humo.

Habari kaka. Nasoma uhandisi wa mawasiliano mwaka wa nne, niko nyumbani Kasulu likizo. Mradi wangu ni kuigiza kwenye kompyuta chumba cha mita 5 kwa 5 kwa 3, taa nne darini, mpokeaji mezani. Katikati napata uwiano mzuri wa signali na kelele ila kwenye kona unaanguka sana. Msimamizi anataka niuboreshe bila kuongeza nguvu ya taa. Nianzie wapi? — Mwanachuo

Chumba chako nakijua mdogo wangu, kila mtu wa fani hii amepita humo tangu Komine na Nakagawa wa Chuo Kikuu cha Keio, Japani, walipokitumia mwaka 2004, meza yake sentimita 85. Msimamizi wako yuko sahihi, nguvu ya taa hapa si jibu.

Anza na umbo la mwanga. Chukua taa moja ya nusu-pembe nyuzi 60, yaani ukiitazama kwa pembe hiyo ukali wake umeshuka kuwa nusu, iko mita 2 juu ya meza. Simama chini yake, alafu sogea mita 2 pembeni. Mwanga unaofika unakuwa robo, sehemu sababu umbali umeongezeka, sehemu sababu taa inakuangalia kwa jicho la pembeni na wewe pia unaipokea kwa pembeni, na kama nlivyomwambia mwalimu pale juu, robo ya mwanga ni moja ya kumi na sita ya nguvu ya umeme, kwa lugha yenu desibeli 12 zimeenda. Sasa wengi wanawaza nibane taa iwe nyuzi 30 nipate mwanga mkali. Piga hesabu kabla. Chini ya taa utapata karibu mara tatu, vizuri, ila pale mita 2 pembeni unapoteza kama robo ya ulichokuwa nacho. Umemtajirisha tajiri. Kwaiyo kubana taa peke yake kunaharibu kona zako zaidi, mpaka uzisogeze taa zenyewe ziende kuelekea kwenye kuta, na uzigawe ziwe nyingi ndogondogo kwa nguvu ileile ya jumla. Cheza na nafasi za taa kwanza, hapo ndo kuna desibeli za bure, jaribu na mpangilio wa duara pamoja na taa ndogo za kona, grafu itakaa sawa zaidi.

Kisha hamia kwa mpokeaji. Wengi kwenye programu mnamchora akiangalia juu wima kama mtu anayeomba mvua. Mpe macho matatu au manne, kila jicho limeinama upande wake, nyembamba, alafu programu ichague linaloona vizuri, au iyajumlishe kwa kulipa uzito zaidi lile lenye kelele ndogo. Kwenye kona hilo ndo linaokoa, sababu jicho lililoinama linaitazama taa moja kwa moja na wakati huohuo linalipa kisogo dirisha. Usijumlishe yote sawasawa! Jicho linaloangalia dirisha likijumlishwa sawa na wenzake linawaletea mvua ya bati wote.

Mwangwi usiudharau ila usiuogope pia. Mwanga unakwenda sentimita 30 kwa nanosekunde, kwaiyo mwanga uliogonga ukuta ukatembea mita 3 zaidi ya mwenzake unafika nanosekunde 10 baadaye. Ukiwa unatuma megabiti 100 za kuwasha na kuzima, nanosekunde 10 ni biti nzima, inamwangukia mwenzake kichwani. Kwa megabiti 5 hamna kitu, huo mwangwi unakusaidia tu, unaongeza mwanga. Hapo ndo watu wanahamia OFDM, wanagawa data kwenye vijito vingi vya polepole, na sababu mwanga hauwezi kuwa hasi wanaupandisha wote kwa kuongeza kiwango cha kudumu, kosa la kawaida ni kukiweka kidogo vilele vikakatwa au kikubwa mno ukala nguvu bure. Ripoti yako ioneshe mstari wa uwiano wa signali kwa vipimo viwili vitatu vya hicho kiwango, msimamizi atatulia.

Na tafadhali weka dirisha kwenye chumba chako. Nimeona michoro mingi isiyo na dirisha, hicho ni chumba au stoo?

Fundi shikamoo, mwanangu kasoma gazeti lako ananiambia nipake chumba cha cherehani rangi nyeupe eti mawasiliano ya mwanga yanakuwa mazuri. Mimi nataka rangi ya udongo haionyeshi uchafu. — Mama wa ushonaji, Mwandiga

Marahaba mama, ingawa nadhani mimi ndo nilipaswa kukuamkia. Kijana anasema kweli nusu. Lipu nyeupe inarudisha asilimia 70 mpaka 80 ya mwanga, rangi ya udongo inarudisha kidogo sana na ile bluu ndo inaimeza zaidi. Ila kwa cherehani sababu ya kupaka nyeupe ni uone tundu la sindano. Paka nyeupe juu na udongo chini kwenye usawa wa watoto, na huyo kijana mwambie aje karakana Jumamosi.

Kabla kurasa hazijaenda mtamboni mwalimu wa Ujiji kanirudia, nilimtumia majibu mapema. Wamefunga boksi la viatu, rizista, hiyo 473, na kikombe cha tochi. Kanitumia sauti iliyorekodiwa darasani, taa zimezimwa, na safari hii anasema wamefika mita nne. Wimbo unasikika, ni mwembamba kama nlivyosema lakini maneno yote yapo. Kama kwenye sekunde ya saba hivi wimbo unakatika ghafla, kimya kabisa, alafu unaendelea ulipofikia, na darasa linalipuka kwa kicheko. Mwanafunzi alikatiza mbele ya taa. Mwalimu anauliza, sasa hiyo nayo ina dawa?

Ina dawa mwalimu. Boksi libadilishe mdomo uwe mpana kidogo, LED ya pili iweke upande wa pili wa ubao kwa simu hiyohiyo, zote mbili zielekee kwenye paneli, alafu mwambie huyohuyo apite tena.